Miwani Mbili, Kitabu Hakuna

Mama yangu, mwaitu kwa Kikamba chetu, alianza kujifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Ilikuwa miaka ya themanini, kijijini kwetu Migwani, katika darasa la ngumbaru lililofanyika kanisani siku za juma. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu, na wanafunzi wote walikuwa akina mama wasuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Akaniomba vitu viwili, mimi niliyekuwa karani Nairobi: miwani, na Biblia ya Kikamba yenye maandishi makubwa.

Nilimleta mjini akapimwa macho. Miwani ilikula nusu ya mshahara wangu na sikuona uchungu. Duka la vitabu lilikuwa mlango wa pili. Akasimama pale akichungulia dirishani, nikamwambia, "Twende, hiyo tutanunua siku nyingine." Biblia ingekaa mkobani, nani angeiona? Miwani ingekaa usoni, na Migwani nzima ingejua huyu mama ana mtoto Nairobi. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye maringo.

Kanisani kwetu mhubiri hasomi Neno mwenyewe. Hutaja kifungu, na muumini mmoja husimama akasoma. Jumapili moja nikiwa nyumbani, mzee wa kanisa akaangaza macho huku na huku, akaona vioo vinang'aa.

"Leo tusomewe na huyu mama wa miwani!"

Jirani akampa Biblia yake, maandishi madogo kama punje za wimbi. Mama akasimama. Nikamsikia akiunganisha herufi za neno la kwanza, polepole, kisha akaanza upya. Vijana wa kwaya wakacheka. Akaketi kabla ya kumaliza mstari.

Nyumbani aliivua miwani, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nilikuambia uniletee kitabu. Sasa na hii nisome nini? Pakiti ya majani chai?"

Na mimi nikafanya nini? Nikasema vioo vilipimwa vibaya. Krismasi nikamletea miwani ya pili, ya fremu ya rangi ya dhahabu, ghali kuliko ya kwanza. Akasema asante. Darasani hakurudi tena, na hadi leo hilo linaniuma.

Biblia nilikuja kuinunua miaka mingi baadaye. Nilipoambiwa bei niliona aibu mbele ya muuzaji, maana pesa za ile miwani ya kwanza peke yake zingenunua nne. Nilimkuta mama ameketi mlangoni akisuka kiondo kwa kupapasa, macho yote mawili yameingia ukungu. Nikamwekea kitabu mapajani. Akakifungua katikati, akapitisha kiganja juu ya ukurasa.

"Maandishi ni makubwa?"

"Ni makubwa, mwaitu."

"Haya ningeyasoma," akasema, akanirudishia, akaushika tena uzi wake.