Wafalme Wawili Siku ya Posa ya Chebet

Naungama: mimi, mwalimu mzima wa hesabu, nilicheza poka, ule mchezo wa karata wa kuweka dau, kwenye simu siku ya posa ya mpwa wangu Chebet.

Wageni walitoka Burnt Forest, tukaketi sebuleni kwa dada yangu hapa Kapseret. Mzee wa upande wao alianza sala ndefu, nami nikafungua simu chini ya meza. Nikapata wafalme wawili, karata nzuri sana.

Kwa miezi mingi nimekuwa na kosa moja. Nikipata karata nzuri siongezi dau, nikidhani nawatega wenzangu. Wao wanazidi kuona karata mpya karibu bure, na mwishowe mmoja anapata za kunishinda. Nilifikiria sana jambo hilo, nikaamua kwamba ukiwa na nguvu ni afadhali uweke dau kubwa mapema, anayetaka kuendelea alipe.

Basi nikabonyeza dau kubwa, na maneno yakanitoka kwa sauti: "Leo hakuna kitu cha bei rahisi hapa."

Kumbe sala ilikuwa imeisha. Mzee alikuwa ameuliza tu kama wanaweza kumwona msichana.

"Mwalimu," akasema polepole, "kwani mnamuuza?"

Chebet alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Anko, ni mimi unasema hivyo?"

Ningeweza kusema ni mzaha, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikaiweka simu mezani, na wazee wote wakainama kuwatazama wafalme wangu wawili.