Giga Arobaini Nilizozifuta

Nina hasira tangu asubuhi, na wa kukasirikiwa ni mimi. Fundi kutoka Bukavu, Maman Furaha, aliniwekea programu ya stoki, yaani ya kuhesabu bidhaa, dukani kwangu Kamembe: ni kama kompyuta nzima iliyofungashwa tayari ndani ya faili moja kubwa. Alipoeleza, mimi nilikuwa nambembeleza apunguze bei.

Jana nikaona faili ya giga arobaini. Nikahesabu tena: arobaini. Nikajua fundi ameficha filamu zake humo, nikaifuta kabisa.

Leo wanunuzi wa mabati wamejaa, programu haifunguki. Nikajigamba mbele yao jinsi nilivyofuta filamu za fundi, kisha nikamwita aje nimfokee.

«Umeniuzia hewa!»

Akachungulia kompyuta. «Papa, ile faili njo ilikuwa programu na stoki yako yote. Nani alifuta?»

Mteja mmoja kutoka Mururu akaniwahi: «Ni ye mwenyewe, Maman. Na alihesabu mara mbili.»