Swali la Dereva Lazaros

Lazaros Kapsalis aliendesha basi la Volos hadi Tsagarada miaka thelathini na mmoja. Sisi wa milimani tulimjua kwa udadisi wake: ukipanda na sanduku, lazima akuulize ndani mna nini.

Asubuhi moja ya Machi alisimama kijiji cha Milies, njiani, akaacha injini inanguruma, akaingia dukani kununua mkate wa ufuta. Kutoka, basi halipo. Lilikuwa limechukuliwa na Zinovia, binti mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Wala hakukimbia nalo. Alisimama kila kituo, akapakia watu, akamshusha Bibi Polyxeni mlangoni kwake, kisha akaliegesha Tsagarada na kuwasubiri polisi.

Kampuni ya mabasi ilitaka afungwe. Mahakama ya watoto husikiliza kesi faragha: walikuwepo hakimu, binti na mama yake, afisa wa uangalizi, na Lazaros kama shahidi, ambaye ndiye aliyenisimulia haya. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema.

"Nina swali, mheshimiwa. Ile kona ya darajani inawashinda hata madereva wapya. Wewe binti, uliikataje?"

"Mzee Lazaros, hapa si chuo cha udereva," hakimu akasema.

"Najua, ila sitalala nisipojua."

Zinovia akajibu: "Unapiga honi mara mbili, unatia gia ya pili, unalipeleka nje kidogo, halafu unaguna. Miaka minne nimekaa nyuma yako, mjomba. Hata kuguna niliguna."

Mama yake akacheka, mara akaangua kilio.

"Na kwa nini?" Lazaros akauliza.

"Nilitaka kujua kama naweza."

Uso wa Lazaros ukabadilika. "Yule Bibi Polyxeni ana miaka themanini. Ungemuua, wanawe ungewaambia ulitaka kujua?"

Binti akainama.

Hakimu hakumfunga. Alimweka chini ya afisa wa uangalizi mwaka mzima, na kila Jumamosi aoshe mabasi. Lazaros akajitolea kumsimamia. Kampuni ilinuna. Wiki za kwanza walirushiana maneno zaidi ya kuosha mabasi. Kufikia kiangazi, Zinovia ndiye aliyekuwa anauliza, na mzee anamfungulia injini amwonyeshe.

Leo Zinovia ni fundi wa magari makubwa kule Larissa, na jina lake ni safi. Lazaros amestaafu. Nilimuuliza kama alimsamehe.

"Sikumbuki ilikuwa Jumamosi ipi," akasema.