Kesi ya Bibi Aliyekuwa Jikoni

Mwanangu, kuna siku hainitoki kichwani: siku Mama Mkubwa Zuhura alipotoka Amerika kuja kututembelea hapa Birmingham, Uingereza. Wewe ulikuwa tumboni bado, ukinipiga mateke kila nikinusa pilau.

Huyu ni dada mkubwa wa mama yangu. Alianza kule na kiwanda cha kuku, mchana akikatakata mapaja, jioni akienda darasani. Akawa wakili, kisha akagombea ujaji, maana mjini kwao majaji hupigiwa kura. Alibisha mlango kwa mlango na lafudhi yake ya Mombasa. Mara ya kwanza alianguka. Akabisha tena, wakampa! Mimi niliyeacha shule mapema nilimwona kama mwezi umeshuka Lozells, mtaani kwetu.

Basi, tulipokwisha kula, Mjomba Sefu akajikohoza. Tangu Babu afariki, Bibi, mama yao wote watatu, alikuwa akihamishwa na begi lake, mara kwake Sparkbrook, mara kwetu. Mjomba na mama walifikia kusemezana kupitia kwangu tu.

“Dada, leo utukatie hii kesi. Mama akae kwangu au kwa huyu?”

“Huyu ana jina!” mama akaruka. “Na ngazi zako zitamvunja nyonga.”

“Na watoto wako watamtoboa masikio!”

“Mimi siikati,” akasema Mama Mkubwa.

Nikadakia, maana ulimi wangu hauna breki: “Si ukate tu, we' si jaji?”

Akanigeukia taratibu. “Kesi ya jamaa yangu humwachia jaji mwingine, mwanangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nina mikono kama wengine. Halafu niambie, wewe unayenihimiza, umeshamsikia mwenye kesi?”

Mwenye kesi alikuwa jikoni, anabandua ukoko.

Bibi akaitwa, akaja na sufuria mkononi. Mama Mkubwa akashuka kitini, akakaa mkekani miguuni pake. “Mama, wewe unataka kukaa wapi?”

Bibi akatutazama mmoja mmoja. “Kumbe na mimi nina zamu ya kusema?”

Mama yangu akainamisha uso.

“Nataka mlango wangu mwenyewe. Nyumba ya chini, isiyo na ngazi, kule Nechells, jirani na Mama Jasbir, yule Mhindi wa Kisumu anayenishinda Kiswahili. Na nyinyi mje, lakini mpige hodi.”

Mjomba akacheka mpaka akafuta macho. Nyumba haikupatikana upesi, lakini ilipatikana. Mama na mjomba waliipaka rangi pamoja, wakigombana rangi gani, na ule ugomvi ulikuwa mtamu kuliko kimya chao.

Watu wetu wakimtaja Mama Mkubwa hutaja joho. Mimi kifua hunijaa nikikumbuka alivyoshuka kwenye kile kiti.

Ndilo nikuambialo, mwanangu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiitwa kuamua jambo la mtu, hata dogo, mwite mwenyewe kwanza na umngoje amalize. Panapokuhusu mno, jitoe. Na usiogope kuota makubwa. Kura huanza na mlango mmoja.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi mpole, na kila mlango utakaobisha ukufungukie kwa heri. Amina.