Kiingereza Tulichokifuata Bandarini

Enyi wenzangu mliokulia Buyenzi, kwetu Bujumbura, wakati wa vita, mliokula maharage mchana na sombe ya majani ya muhogo jioni mkashukuru, mnakumbuka Kiingereza chetu kilitoka wapi? Watoto wa siku hizi wakikisikia wanacheka. Wacheke tu! Wao wamekipata kwenye simu, wamelala kitandani. Sisi tulikifuata kwa miguu, juani, ndala tumezishika mkononi zisije zikaisha.

Darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Milio ya bunduki ikianza kule vilimani tuliingia chini ya madawati. Ikinyamaza tulitoka, tukaendelea pale pale tulipoishia. Mwalimu wetu Bahati, Mkongo aliyekimbia kutoka Uvira na aliyewahi kufanya kazi Zambia, alikivumilia kitabu kile wee, mpaka siku moja akakifunga. "Kingereza haiko mu kitabu," alisema. "Iko mu kinywa ya batu. Mwende mukaitafute."

Akatugawa makundi. Kila kundi liende mjini, limtafute mtu anayesema Kiingereza, lirudi na habari ambayo darasani hakuna anayeijua. Wazazi walinung'unika: "Vita yote hii, mwalimu anatuma batoto mu mji!" Sisi tulifurahi kama tumepewa sikukuu. Kundi langu tulikuwa watatu: mimi, Saidi ambaye mdomo wake haukuwa na kituo, na Chantal. Tulipangiwa bandari, maana vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimelegezwa na meli za Zambia zimeanza tena kuja.

Chantal peke yake hakucheka. Baba yake alikuwa amekwenda Mpulungu, huko Zambia, kununua sukari, mipaka ikafungwa nyuma yake. Tangu hapo, kimya. Baba zake wadogo walishachoka kungoja. Walisema ndugu yao amekufa, na Jumamosi ile watu wakae matanga, yaishe. Na kwetu ukishakaliwa matanga umezikwa, hata kama maiti haikuonekana. Mama Chantal, aliyeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, alikuwa amebaki peke yake kukataa. "Mume yangu hawezi kufa mu kinywa ya mashemeji," aliwajibu. Lakini alikuwa ameanza kukonda, na jirani walishamletea kuni za matanga.

Basi habari ya kutafuta tulikuwa nayo: baba Chantal yuko hai au la. Kosa letu ni kwamba tuliiendea Kirundi. Huko kwetu humvamii mtu mzima kwa swali zito. Unamsalimu kwanza, unamuulizia wa kwake wote, neno lenyewe linakuja mwisho, tena kwa kuzunguka. Tukazichukua salamu zote za wazee tukazitia kwenye Kiingereza, tukagawana, tukakariri njia nzima.

Bandarini vumbi la saruji lilituingia puani pamoja na harufu ya mazutu ya injini za meli. Tulimkuta mpishi wa meli moja amekaa kwenye ndoo, anamenya viazi. Mtu mnene, uso wa upole. Saidi akasimama wima kama askari, akamtakia makundi ya ng'ombe, kama tunavyowatakia wazee kwa Kirundi. Mpishi akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeambiwa. Nikaingia mimi. Nikamuuliza mke, watoto, mvua, mashamba, mama mkwe. Akajibu kwamba mama mkwe alishafariki. Haya! Mimi nitaachaje kumpa pole? Nikampa pole ndefu, na Saidi akaongezea ya kwake. Mpishi aliburudika kweli, lakini meli ikapiga honi, wenzake wakamwita, akabeba viazi vyake akaanza kupanda.

Chantal akamkamata aproni. Zamu yake ilikuwa bado, na Kiingereza chote tulichokariri kilikuwa kimemtoka. Alisema maneno matatu tu, bila salamu: baba yangu, hai? Mimi niliona aibu, nikatazama chini. Mpishi akaweka viazi chini. Akauliza baba mwenyewe yukoje.

Sasa maneno ya kumweleza mtu tungeyatoa wapi? Chantal akaweka mfuko wake wa shule kichwani, mikono akaiacha ining'inie, akatembea ameinamia kushoto huku akipiga mluzi kwa meno. Ndivyo baba yake alivyotembea. Buyenzi nzima ilimjua kwa mwendo ule. Mpishi akaanza kucheka. Akamwita mwenzake, akamwonyesha, na yeye akacheka. Wallahi nilitaka kuwapiga! Kumbe walikuwa wanamjua. Yuko pale gatini Mpulungu, walisema, anauza mandazi, kila asubuhi mluzi. Karatasi zake zimekwisha, na kila meli anaiuliza kama inakwenda Bujumbura.

Chantal alitoka mbio mpaka sokoni, sisi nyuma yake, akilirudia neno la mpishi, kwamba baba yake yuko hai, njia nzima lisimpotee. Kufika mbele ya meza ya mama yake, likatoka vile vile lilivyoingia, kwa Kiingereza. Mama Chantal hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Alimtazama mtoto usoni, akakaa chini katikati ya ndagala, akajifunika kitenge, akalia. Wenzake wakamzunguka: "Mutoto amesema nini?"

"Mi sijue amesema nini," alijibu. "Mume yangu iko muzima."

Zile kuni tulipikia chakula cha furaha, na mashemeji walikula kuliko wote. Baba Chantal mwenyewe alirudi baadaye, amekonda, na mluzi wake.

Leo mwanangu Kevin, huku Mutanga Nord tunakokaa, anasema Kiingereza kama redio. Juzi nilimwandikia kwenye simu ile sentensi Chantal aliyomletea mama yake, nikamwomba anisomee. Akaisoma vizuri mno, herufi zote mahali pake, macho kwenye simu, akaniuliza kama kuna nyingine. Nikamwambia hapana, inatosha. Ninamshukuru Mungu kwamba haihitaji kama tulivyoihitaji sisi. Ila nilikwenda jikoni, nikakaa kidogo peke yangu.