Onyo Lililobaki Kwenye Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini Kinondoni sikukaa kitini hata robo saa. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma, nikapunguzwa kazi pamoja na wenzangu, na sasa nilikuwa mbele ya kompyuta nisiyojua hata pa kuiwashia. Mkuu wa Kitengo cha Nyaraka, mzee mpole asiyependa kelele, alinitazama ninavyozungukazunguka, kisha akasema, "Binti, kiti hakina miiba." Nikakaa, ila moyo haukukaa.

Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa na kila mwenye duka la dawa au zahanati alitaka kompyuta. Kampuni yetu ilitengeneza programu za kutunza orodha, na sisi tuliandika vitabu vya kuzielezea. Nyie vijana mnauona ukurasa jinsi utakavyotoka. Sisi tuliandika maneno matupu na kutia alama katikati yake: hii inafungua kichwa cha habari, hii inakifunga. Kompyuta ikizisoma ndipo inapanga ukurasa. Usipofunga ulichofungua, kitabu kizima kinatoka kwa herufi nene. Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunipa nafasi ya kuchoshwa.

Alama tulizozikuta zilikuwa chache. Nikamsumbua Mhandisi wa Programu mpaka akaniongezea moja ya kwangu, ONYO, ambayo maneno yake yalitoka ndani ya kisanduku. Alama za ziada kama hiyo zilielezwa kwenye orodha yao, katika disketi ya peke yake. Mkuu alinikumbusha mara nyingi kwamba orodha hiyo isafiri pamoja na kitabu, na kwamba kitabu kisomwe kwenye karatasi kabla ya kujalidiwa, si kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwitikia huku nimeshaanza ukurasa mwingine.

Mwongozo wa zahanati ulipokamilika niliupeleka Buguruni kwa mchapaji. Disketi ya orodha niliisahau mezani. Kompyuta ya mchapaji ilipokuta alama isiyoijua, iliiruka pamoja na maneno yake yote, kimya kimya. Mchapaji alinipa kurasa nizisome. Nikazipekuapekua, nikaona vichwa vimekaa vizuri, nikamwambia ajalidi. Haraka yangu ilikuwa ya nini, sijui mpaka leo.

Baada ya wiki kadhaa, karani wa zahanati moja ya Temeke, Bi Mwajuma, alifuata kitabu chetu hatua kwa hatua. Kilimwambia abonyeze kitufe cha kufuta, akabonyeza. Hapo palitakiwa kuwa na kisanduku cha kumwambia anakili kwanza orodha ya zamani kwenye disketi. Majina ya watoto wa chanjo yakapotea yote. Mwenye zahanati akapiga simu kwetu. Meneja wa kampuni yetu alifungua kitabu kwenye kompyuta yangu, akakiona kisanduku, akajibu kwamba onyo lipo, karani hakusoma. Mwenye zahanati hakujisumbua kutazama kitabu chenyewe. Neno la wataalamu lilimtosha, akamwambia Bi Mwajuma ajiandae kuondoka.

Kesho yake asubuhi Bi Mwajuma alikuja ofisini. Alimwamkia Mkuu shikamoo, akakiweka kitabu mbele yangu.

"Dada, mie nina watoto wanne na kazi ndo hiyo. Nionyeshe onyo lilipo."

Nilifungua ukurasa. Palikuwa na nafasi nyeupe tu. Nikaikumbuka disketi.

Meneja aliniita pembeni. "Mwambie nakala yake ina kasoro," alisema. "Tukikiri, vitabu vyote vitarudi, na wewe utarudi navyo nyumbani." Niliogopa sana. Nilimtazama Mkuu. Alinisogezea karatasi na kalamu, nami nikamwandikia mwenye zahanati kwamba kosa ni langu.

Bi Mwajuma alibaki na kazi yake. Mimi sikufukuzwa, ila Meneja alinitoa kwenye uandishi akanikalisha mapokezi mwaka mzima, adhabu iliyonifaa kweli. Kila Jumamosi nilikwenda Temeke, tukapita mimi na Bi Mwajuma nyumba kwa nyumba tukiomba kadi za kliniki na kuandika majina upya katika daftari. Wengine walikuwa wamehama. Hatukujua hata ni wangapi, maana iliyojua ni orodha ile iliyofutika.

Baadaye nilirudi kwenye alama zangu, na sikujalidi tena kitabu nisichokisoma kwenye karatasi. Nilistaafu kwa keki na hotuba. Watu hudhani kustaafu ni kupumzika. Mimi nikikutana na mtu wa Temeke wa umri wa watoto wale, namuuliza alikuwa akipelekwa kliniki gani, na wajukuu wangu hunicheka.

Juzi alikuja fundi bomba hapa kwangu Mwananyamala, mtu mzima mwenye mguu mmoja dhaifu. Nikamuuliza kama kawaida yangu. Akaitaja zahanati ile ile.

"Ila sikumaliza chanjo, mama. Bi mkubwa anasema alinipeleka, wakamwambia jina langu halipo, akarudi na mimi nyumbani."

Sikuthubutu kumuuliza mguu ulianza lini. Niliingia ndani, nikatoa lile daftari la Temeke nililolitunza miaka yote, nikamwomba anitajie jina lake.