Mama wa Luteni

Harufu ya sambaza wakikaangwa hunirudisha kwenye kibaraza cha mama mdogo Foibe, hapa Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma. Yeye aligeuza wale samaki wadogo kwenye mafuta, mimi nikamsomea riwaya ya vita kwa sauti. Shuleni tulitakiwa kumchambua mhusika mmoja mbele ya darasa, nami nilikuwa mtoto wa kuogopa kukosea. Nilimchagua luteni, kijana aliyemtoa mwalimu wake auawe ili yeye apandishwe cheo.

Hoja zangu zilikuwa tayari: tamaa, kiburi, roho mbaya. Mama mdogo hakuzijali.

"Na mama yake iko wapi?"

"Mama mudogo, kitabu haisemi."

"Hakuna mutu wa kwabo mwenye anamutafuta?"

"Mwalimu hataniuliza hiyo!"

Akacheka. "Bon, Profesa, soma. Lakini huyu mutoto alizaliwa na mutu, hakuota mu shamba."

Kila jioni aliuliza tena, nami nikanuna, maana alinikatisha pale nilipokuwa nimeanza kusoma vizuri.

Mwishoni askari wa luteni mwenyewe walimpiga risasi kando ya mto, wakamwacha hapo hapo. Nilifunga kitabu nimeridhika. "Alistahili," nikasema. Mama mdogo akaepua sambaza kabla hawajaiva, akakaa. Kisha akaniomba nirudie ukurasa ule, polepole.

Darasani nilisifiwa sana.

Mwaka jana, tulipotoka kumzika mama mdogo, ndipo mama yangu aliponiambia kwamba mdogo wake huyo alikuwa na mtoto wa kiume, kabla mimi sijazaliwa. Kijana huyo alivuka mpaka akajiunga na wenye silaha msituni, akapanda cheo haraka, hadi watu wakaogopa kulitaja jina lake. Hakurudi. Hakuna aliyewahi kuleta habari kama yu hai au amekufa.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuuandika upya uchambuzi wangu, na kila karatasi naichana. Sijui nimwanzie wapi yule kijana. Ninachokumbuka ni jioni ile ya ukurasa wa mwisho: mama mdogo alisikiliza kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, mimi nilikuwa nikifanya mazoezi ya kutamka.